Nyumba Iliyonunuliwa Ikiwa Wazi

Mume na mke ninaowasimulia hapa nimewabuni. Yaliyowapata sikuyabuni. Ni mambo yanayozipata familia nyingi zinazonunua tela la kuishi huko Marekani, na sasa yanazifikia hata familia za Waswahili wenzetu zilizohamia Texas, Minnesota na Ohio. Nimeyakusanya katika familia moja ili msomaji anayefikiria kununua aone hasara inavyoanza, maana huanza siku ya furaha.

Mke ni muuguzi, mzaliwa wa Mombasa. Aliajiriwa na wakala wa wauguzi wa muda, wale wanaopelekwa kwenye hospitali yenye upungufu kwa mkataba ambao kwa kawaida ni wa wiki 13, kisha wakahamishiwa mji mwingine. Mume ni mtu wa Tanga, dereva aliyekuwa akiendesha kichwa na tela kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma kabla hajazijua barabara za Texas. Wana watoto watatu. Walikuwa wamechoka kupanga nyumba kwa miezi mitatu mitatu, na wamechoka zaidi kutengana kila mama alipopata kazi mbali na Houston. Wakaona bora wawe na nyumba inayovutwa, familia nzima ihame na kazi ya mama, na baba atafute vibarua vya udereva palepale walipo.

Wazo hilo lilikuwa zuri, na hata aina ya tela waliyoitaka ilikuwa sahihi. Tela la gurudumu la tano halifungwi kwenye bampa. Pua yake hupanda juu ya bodi ya pikapu, na pini ya chuma yenye unene wa inchi 2 huingia kwenye sahani iliyofungwa juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Mzigo hukaa juu ya magurudumu badala ya kuning'inia nyuma yake, kwa hiyo tela haliyumbi sana upepo unapovuma au lori kubwa linapolipita. Glenn Curtiss, yule fundi wa ndege wa Marekani, alikuwa akiunda matela ya kuishi ya namna hiyo tangu miaka ya 1920. Dereva wa malori hahitaji kufundishwa faida yake.

Kosa lilitokea kwenye yadi ya muuzaji wa matela, Jumamosi moja, katika muda usiofika saa nzima.

Matela makubwa ya siku hizi yana sehemu za ukuta zinazosukumwa nje kwa mota, kama droo za kabati, na kila droo hutoka na vitu vilivyomo: sofa, kitanda, friji, hata jiko. Likisimama na droo zikiwa nje, tela linakuwa na sebule ambayo mtu hawezi kuamini kwamba ilikuja barabarani. Tela waliloonyeshwa lilikuwa na urefu wa futi 40 na droo nne, na zote nne zilikuwa nje. Taa zote zinawaka. AC inapuliza. Kuna friji ya milango miwili, kaunta ya katikati yenye sinki pana, sofa lenye viti viwili vinavyolala, meko ya umeme inayocheza picha ya moto, na katikati ya tela chumba cha watoto chenye dabo deka.

Mke alisimama kwenye kaunta akajiona akisukuma chapati. Mume alikaa kwenye sofa akanyoosha miguu. Watoto walipanda dabo deka wakagoma kushuka. Muuzaji hakuwa na haja ya kusema mengi. Alitaja malipo ya kila mwezi, yaliyogawanywa kwa miaka 15 hadi yakaonekana madogo, kisha akaleta karatasi. Hakuna aliyekaa chooni na mlango umefungwa, wala aliyeuliza sufuria kubwa zitakaa wapi. Na hakuna aliyemwambia muuzaji: tafadhali, zirudishe droo ndani tuone.

Mkataba wa kwanza ulikuwa Albuquerque, New Mexico. Walitoka Houston alfajiri. Siku ya pili mchana, upande wa Amarillo, mtoto wa mwisho alibanwa na haja, na wote walikuwa na njaa. Mama alikuwa amepika kabla ya safari: chapati, maharage ya nazi, kuku wa kukaanga, vyote vimo kwenye friji ya tela. Wakaingia kwenye kituo cha mapumziko, wakaegesha katikati ya malori mawili. Mume akafungua mlango wa tela, akapanda ngazi, akasimama hapo hapo. Hapakuwa na mahali pa kuweka mguu wa pili.

Droo zikiingia, kila kilichomo ndani yake hurudi katikati ya tela. Sofa lilikuwa limekuja hadi likagusana na kaunta. Friji, iliyokuwa kwenye droo ya upande wa pili, ilikuwa imesogea hadi kwenye ubavu wa kaunta ile ile, na mlango wake ulifunguka kwa upana wa vidole vinne tu. Mke alipenyeza mkono, akagusa mfuniko wa bakuli la kuku, asiweze kulitoa. Njia ya chooni ilipita kati ya friji na kaunta. Mtu mzima hakupita. Mtoto wa miaka minne alijaribu kujipenyeza akakwama mabega, akaanza kulia.

Msomaji atauliza kwa nini hawakuzitoa droo. Kubwa kati yake ilitoka karibu futi 3, na lori la jirani lilikuwa hapo, karibu kuliko futi 3. Wakala biskuti na chipsi za mashine, huku chakula walichokipika wenyewe kiko nyuma ya ukuta wa kaunta. Waliingia Albuquerque saa nne usiku, mvua inanyesha. Kitanda cha wazazi nacho kilikuwa ndani ya droo, na droo ikiwa imefungwa godoro lilikuwa limekunjwa dhidi ya kabati. Hakuna aliyelala mpaka baba alipolisimamisha tela sawasawa, kwenye matope, kwa tochi, na kuzitoa droo zote nne.

Hapa ndipo tela linapotofautiana na nyumba ya Kisauni, Mombasa, au ya Makorora, Tanga. Nyumba ya kawaida ina ramani moja. Tela lina ramani mbili, ya wazi na ya kufungwa, na ile ya kufungwa ndiyo utakayokutana nayo kila mchana wa safari, pikapu ikiharibika, mota ya droo ikigoma, au usiku ule wa kwanza mahali usipopajua. Matangazo huonyesha ya wazi peke yake. Ramani nzuri ni ile ambayo, droo zote zikiwa ndani, mtu anaweza kutoka mlangoni akafika chooni, akafungua friji, akajilaza. Ikishindwa hilo, mapambo yaliyobaki hayana thamani kwa mtu anayesafiri na watoto.

Baada ya safari yakaja maisha, na maisha yalikuwa na shida yake. Mke alipangiwa zamu za usiku, saa moja jioni hadi saa moja asubuhi. Chumba cha watoto, kile kilichowafurahisha sana yadini, kilikuwa kimepakana na chumba cha wazazi, kimetenganishwa na ukuta mwembamba ambao kupitia kwake ungesikia mtu akigeuza kurasa za kitabu. Televisheni ya sebuleni ilikuwa upande wa pili wa ukuta huo huo. Mama alirudi kutoka wodini akiwa hoi, akalala saa mbili, akaamshwa na katuni saa nne. Muuguzi asiyelala mchana hawezi kupima dawa kwa uhakika usiku, na hilo alilijua kuliko mtu yeyote, kwa hiyo baba akawa anawatoa watoto nje asubuhi hadi alasiri, jua au upepo. Kwa mtu wa zamu za usiku, chumba cha kulala kingekaa puani, juu ya pikapu, jiko na bafu vifuate katikati, na watoto na televisheni wawe nyuma kabisa, milango miwili mbali. Ramani za namna hiyo zipo kwa wingi. Matela mengi ya Amerika Kaskazini hutengenezwa Indiana, katika wilaya ya Elkhart na jirani zake, na viwanda vya huko hutoa tela moja kwa ramani nyingi tofauti. Hawakuzitafuta kwa sababu walitafuta uzuri kabla ya kuorodhesha mambo ya siku yao.

Kitanda nacho. Kitanda cha watu wawili cha kawaida huko kina inchi 60 kwa 80, lakini katika matela mengi hufupishwa kuwa inchi 60 kwa 75 ili mtu apate njia ya kupita miguuni. Mume alikuwa na futi 6 na inchi 2, yaani inchi 74. Alilala kwa kukunja magoti, na shuka walizokuja nazo zilikunjamana upande mmoja kila usiku.

Jikoni kulikuwa na jiko la mafiga matatu, zuri kwa kukaanga mayai. Sufuria ya ugali wa watu watano ililifunika figa la mbele na nusu ya yale mengine. Juu yake ilikuwa imefungwa maikrowevu, chini kiasi kwamba mpini wa mwiko uligonga kila mke alipogeuza. Alijaribu mwiko mfupi, akaungua na mvuke. Mwisho ugali ukawa unapikwa nje, kwenye jiko dogo la gesi juu ya meza ya kukunja, na siku ya upepo familia ilikula mkate. Nasema haya kwa kirefu kwa sababu mpangilio wa jikoni katika matela haya umepangwa kwa mapishi ya watu wengine. Anayesonga ugali, anayepika pilau ya wageni, anayekaanga samaki, apime mwenyewe: nafasi ya mkono juu ya jiko, kimo cha kabati la sufuria, na dirisha la karibu linalofunguka kweli.

Choo kilikuwa kimoja, na tangi lake la lita 150 hivi. Watu watano wanaojisafisha kwa maji kama tulivyolelewa pwani hulijaza haraka kuliko watu watano wanaotumia karatasi peke yake. Kwenye kambi yenye bomba la maji taka si tatizo kubwa. Kwenye kambi isiyo na bomba, baba alikuwa akiling'oa tela zima na kulipeleka kwenye shimo la kumwagia, na kuling'oa maana yake ni kufunga droo, kutoa kila kitu kilichokuwa sakafuni, na kumwamsha mama.

Sasa uzito, na hapa naomba msomaji atulie nami, kwa kuwa hili linaweza kuua watu barabarani.

Siku ya kununua, mume aliuliza kama pikapu yake italiweza tela lile. Muuzaji akamjibu kwamba italivuta. Ni kweli, ililivuta. Kuvuta ni kazi ya injini. Kubeba ni kazi ya springi, ekseli na tairi, na tela la gurudumu la tano hubebwa kabla ya kuvutwa. Kwa kawaida asilimia 15 hadi 25 ya uzito wa tela la aina hii hukaa kwenye ile pini, ndani ya bodi ya pikapu. Tela lao likijaa vyombo, chakula na maji lilifika kilo 6,800. Tuchukue asilimia 20: ni kilo 1,360 juu ya pikapu. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kila pikapu ina kibandiko kinachotaja uzito ambao watu na mizigo kwa pamoja wasiuzidi. Chake kilisema kilo 1,270. Alikuwa amezidisha kabla hajaihesabu sahani ya kuungia, ambayo yenyewe ni chuma kizito, kabla hajapanda yeye, mkewe na watoto watatu.

Mtu huyu alishasimama foleni kwenye mizani ya malori ya Vigwaza, Tanzania. Alijua faini za kuzidisha mzigo, alijua breki zinavyonuka kwenye mteremko. Lakini nyumba yake hakuiona kuwa ni mzigo, na nadhani wengi wetu tungefanya hivyo hivyo: ukishaweka mapazia na msala, unasahau kwamba kitu hicho kina ekseli. Alipoipandisha hatimaye kwenye mizani ya CAT, zile zilizopo kwenye vituo vya malori nchini kote, karatasi ilimwonyesha ekseli ya nyuma ya pikapu imepita kiwango. Angeweza kuipata karatasi ile kwa dola chache wiki ya kwanza.

Na uzito huo hauko mbali na habari ya ramani, kwa sababu ramani ndiyo inayoamua uzito ukae wapi. Jiko likiwa mkiani, friji, vyombo na vyakula vyote hukaa nyuma ya ekseli na kupunguza mzigo kwenye pini. Ukipungua mno tela huanza kuyumba. Kabati kubwa na mashine ya kufulia zikiwa puani, pini inalemewa. Friji, jiko na kabati la chakula vikiwa kwenye droo za upande mmoja, tairi za upande huo hubeba zaidi kila kilomita. Tangi la maji safi la lita 225 ni kilo 225, na inafaa kuuliza liko mbele au nyuma ya ekseli. Karibu na mlango wa tela lenyewe kuna kibandiko kingine, kinachotaja uzito wa mizigo unaoruhusiwa ndani na uzito wa maji likijaa. Matela yenye droo nyingi na kaunta za mawe mara nyingi huacha nafasi ndogo ya mizigo, kwa kuwa mapambo yenyewe yamekwisha kuila.

Urefu na kimo niviguse tu. Mengi ya matela haya huzidi futi 12 kwa kimo. Durham, North Carolina, kuna daraja la reli lililokuwa maarufu kwa kuchuna mapaa ya malori. Mwaka 2019 lilinyanyuliwa, na bado ni futi 12 na inchi 4. Katika Hifadhi ya Glacier, Montana, sehemu ya juu ya barabara ya Going-to-the-Sun hairuhusu gari na tela vikizidi futi 21 kwa pamoja. Mwenye futi 40 huacha nyumba kambini na kwenda na pikapu peke yake, na hata kambi zenyewe za hifadhi nyingi hazina nafasi ya urefu huo.

Kambini Albuquerque, safu ya pili, walikuwapo wazee wawili Wamarekani wenye tela la futi 30 na droo mbili. Mke alipokaribishwa kwao alikuta chumba kidogo, viti vya kawaida, hakuna meko ya picha. Yule mama mzee alibonyeza swichi, droo zikaingia, akatembea kutoka mlangoni hadi chooni, akafungua friji hadi mwisho, akatoa jagi la chai ya baridi. Hakuongeza neno. Mke alitoka pale amenyamaza.

Usiku ule alimpigia mama yake Mombasa.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nyumba yenu ya magari mwaionaje?”

Akamweleza yote, la friji, la usingizi, la ugali. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: “Kwani mwanangu, kabla ya kutoa pesa, mlilala humo hata usiku mmoja?”

Hawakulala, na wangeweza. Matela ya aina ile hukodishwa, na kwa bei ya kukodi siku mbili tatu wangejua mambo yote niliyoyasimulia isipokuwa uzito, ambao wangeujua kwa kusoma kibandiko bure. Waliishi humo mikataba mitatu, kisha wakaliuza. Thamani ya tela jipya hushuka haraka, na mkopo wa miaka 15 hupungua polepole, kwa hiyo bei waliyopewa haikutosha kulipa deni. Tofauti waliilipa kutoka kwenye akiba iliyokuwa ya karo za watoto.

Ndugu yangu uliye Houston, Minneapolis au Columbus, unayepanga kununua: kabla hujaenda yadini, kaa na mwenzako muandike siku yenu moja ya kawaida, nani analala saa ngapi, nani anapika nini, nani anasali wapi, mgeni atalala wapi. Piga picha ya kibandiko cha mlango wa pikapu uende nayo. Ukifika, mwambie muuzaji azirudishe droo zote ndani, kisha ingia na familia nzima. Fungua friji. Nenda chooni, funga mlango, kaa. Shika mwiko juu ya jiko. Laleni kitandani wote wawili, robo saa, viatu mkononi. Muuzaji akikwambia droo haziwezi kufungwa leo, usitie saini leo.